Paka ana sukari 430 asubuhi: niongeze insulini?

*"Dokta, paka wetu Minou ni dume aliyehasiwa, ana miaka 9 na kilo 6 na nusu. Wiki mbili zilizopita munganga wa wanyama alimpima, akasema ana ugonjwa wa sukari, akatupatia insulini glargini ya watu: uniti 1 asubuhi, uniti 1 jioni. Siku ya nne nilimpima asubuhi kwa mashine ya baba mkwe, ikasoma 380 mg/dL. Nikaona dawa haifanyi kazi, nikapandisha hadi 2. Baada ya siku tatu bado 365, nikapandisha hadi 3. Siku iliyofuata, masaa saba hivi baada ya sindano ya asubuhi, nilimkuta chini ya kitanda anayumba kama mlevi. Mashine ikasoma 54. Nilimpaka asali mdomoni, akala, akarudi sawa. Lakini kesho yake asubuhi ilikuwa 430! Sasa sielewi. Niende 4, au niache kabisa? Baba mkwe anatumia Mixtard, anasema insulini ni insulini, na kwamba hii yetu imeharibika kwa sababu umeme unakatika siku nzima na friji haipoi. Tangu siku ya kwanza nimemwondolea bukari (ugali), namlisha kapenta (dagaa) na nyama tu. Tunaishi Katuba, Lubumbashi. Nisaidie."*

Mama, tuanze na sindano ya leo jioni. Usipande hadi 4, na usiache kabisa. Kabla ya sindano mpigie simu munganga aliyempima Minou, umweleze mambo mawili bila kuficha: kwamba ulipandisha dozi mara mbili ndani ya siku chache, na kwamba mashine ilisoma 54 huku paka anayumba. Ningekuwa mimi ninayemtibu, ningemrudisha kwenye uniti 1 asubuhi na 1 jioni, kisha ningekuomba usiguse dozi hiyo kwa wiki nzima. Munganga wako akikuambia tofauti, fuata lake, kwa sababu yeye amemshika paka kwa mikono yake na mimi sijamwona. Usipompata, na mashine ikasoma chini ya 200 kabla ya sindano, au Minou akakataa chakula, ruka sindano hiyo. Kukosa sindano moja ni usiku mmoja wa sukari ya juu. Sindano iliyozidi inaweza kumuua kabla ya kucha.

Wala usione aibu kusema ulipandisha mwenyewe. Karibu kila mtu anayempima paka nyumbani hupitia hapo. Na asali ile ilikuwa hatua sahihi kabisa. Wengi wangedhani paka amelala tu, wakamwacha chini ya kitanda.

Kinachokusumbua, nikikuelewa vizuri, ni hiki: nambari ya asubuhi iko juu, kwa hiyo dawa haitoshi, kwa hiyo tuongeze. Kwa akili ya kawaida inaonekana sawa. Kosa liko kwenye saa ya kupima. Asubuhi kabla ya sindano ni wakati ambapo dawa ya jana jioni inamalizika. Hapo ndipo sukari inapotarajiwa kuwa juu kuliko saa nyingine zote. Ukiamua dozi kwa nambari hiyo, unahukumu dawa kwa saa yake ya udhaifu. Sisi dozi tunaiamua kwa kumtazama paka anaposhuka chini kabisa, katikati ya sindano mbili. Kwa uniti 1 ulipima asubuhi tu, kwa uniti 2 vilevile. Mara ya kwanza uliyopima katikati, tena kwa sababu paka alikuwa anayumba, ukakuta 54. Inawezekana kabisa kwamba zile siku za uniti 1, mchana alikuwa anashuka hadi 200 na kitu, na wewe hukuwepo kuona.

Glargini ina tabia yake. Ndani ya chupa ni maji maangavu yenye asidi. Ikiingia chini ya ngozi, ambako hakuna asidi hiyo, inaganda kuwa vipunje vidogo sana, na vipunje hivyo vinayeyuka polepole kwa masaa mengi. Sindano ya jioni inakuta mabaki ya asubuhi, ya kesho inakuta mabaki ya jioni, na siku kadhaa hupita kabla dozi haijaonyesha nguvu yake yote. Wewe unajua mbabula, jiko la makaa. Umeweka makala, chungu hakijachemka, unaongeza. Bado, unaongeza tena. Makala ya kwanza yanaposhika vizuri, ya pili na ya tatu nayo yanashika, na chakula kinaungua. Ndiyo sababu hatupandishi dozi ya glargini kabla ya siku 5 hadi 7 kupita, na tukipandisha ni nusu uniti, mara chache uniti nzima. Wewe ulitoka uniti 1 hadi 3 ndani ya wiki moja hivi. (Na kwa kuwa ni dawa inayotegemea asidi ya chupani, usiichanganye na insulini nyingine wala kuiongezea maji ili upate nusu uniti. Tafuta bomba dogo la sindano la mililita 0.3 lenye alama za nusu.)

Sasa ile 430. Sukari inaposhuka sana, mwili wa paka unaona kifo kinakuja. Unamwaga adrenalini, glukagoni na kotisoli, na homoni hizo zinaliamuru ini lifungue ghala lake la sukari. Ghala likishafunguliwa halifungwi kwa dakika moja, kwa hiyo paka aliyekuwa 54 mchana anaweza kuamka na 430. Shuleni tulifundishwa kwamba jambo hili hutokea kila mara. Leo, paka wanapofuatiliwa kwa ukaribu, tunaona si la mara kwa mara kiasi hicho, hasa kwa glargini. Kwa Minou yapo na mengine: ile asali, chakula alichokula baadaye, hofu ya kushikwa na kuchomwa sikio. Paka mwenye afya, asiye na ugonjwa wowote wa sukari, akipelekwa kwa munganga kwenye kikapu akakutana na mbwa mlangoni, damu yake inaweza kusoma zaidi ya 300 kwa woga tu. Chanzo chochote kiwe, 430 inayofuata 54 haitaki insulini zaidi. Ungetoa uniti 4 asubuhi ile, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Kuna jambo ambalo wewe umelitaja mwishoni kama la kando, na kwangu ni kubwa kuliko friji: bukari. Paka si mtu mdogo. Ni mla nyama mtupu. Ini lake halina ile zana ambayo letu linayo ya kushughulikia haraka wingi wa sukari inayotokana na unga. Sahani ya bukari iliyolowekwa mchuzi inampandisha na kumshikilia juu kwa masaa. Ulipoiondoa ulifanya vizuri sana, usiirudishe. Lakini kuanzia siku ile mahitaji yake ya insulini yalianza kupungua, wakati wewe unapandisha dozi. Mambo mawili yalikwenda njia tofauti na yakakutana mchana ule chini ya kitanda. Paka anapobadilishiwa chakula tunatarajia kushusha insulini, na tunampima mara nyingi zaidi, si kidogo.

Kuhusu kapenta: ile kavu ya sokoni mara nyingi ina chumvi nyingi. Iloweke, mwaga maji, uichemshe. Usimpe samaki mbichi kila siku, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Changanya na nyama ya ng'ombe au kuku, yai lililochemshwa, na ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Chakula kikavu cha paka cha kwenye mfuko, hata cha bei kubwa, kwa kawaida kina wanga mwingi. Cha kopo ni bora kama mfuko wako unaruhusu. Kilo 6 na nusu ni nyingi kwa paka wa kawaida, na mafuta yale ndiyo yanayoizuia insulini kufanya kazi. Apungue, ila polepole, gramu 60 hivi kwa wiki. Usimfungishe njaa. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta hukimbilia ini na kulijaza, na huo ni ugonjwa mwingine unaoua.

Jirani watakuambia alikula vitu vitamu. Hapana, paka hata hawaisikii ladha ya sukari. Aina inayowapata wengi wao inafanana na ile inayowapata wakubwa wetu: mwili unaacha kuitikia insulini, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, mwisho linachoka. Dume, aliyehasiwa, mnene, anayeshinda ndani, amepita miaka 7: hiyo ndiyo picha ya vitabuni na ni picha ya Minou. Kuna mlango mwingine ambao ningependa uuchunguze. Je, katika miezi ya karibuni alichomwa sindano ya mwasho au ya pumu? Dawa za jamii ya kotisoni, kama deksamethasoni au prednisoloni, zinaweza kumfungulia paka ugonjwa huu. Kama alipata, munganga wako lazima ajue, maana dawa ile ikiisha mwilini sukari inaweza kushuka ghafla.

Hapo ndipo penye tumaini, na nalisema kwa sababu wengi huamini kwamba insulini ikianza ndiyo safari ya mwisho. Kwa paka, kongosho lililochoka likipumzishwa mapema, kwa chakula kisicho na unga na dozi iliyotulia, mara nyingine huamka. Paka wengi, hasa wanaotibiwa vizuri ndani ya miezi 6 ya kwanza, hufika mahali hawahitaji sindano tena. Wengine hurudia baadaye, kwa hiyo hatuahidi. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kutompandishia ovyo: siku kongosho lake litakapoanza kufanya kazi, dozi iliyokuwa sawa jana inakuwa sumu leo.

Sasa kipimo cha kweli. Chagua siku moja ambayo utakuwa nyumbani, tuseme Jumamosi ijayo, ukiwa umekaa kwenye dozi moja wiki nzima. Mpime kabla ya sindano ya asubuhi, kisha kila baada ya masaa mawili mpaka ya jioni. Tone la damu la ukingo wa sikio linatosha. Lipashe sikio kwanza kwa kitambaa cha moto kiasi, na baada ya kila kipimo mpe kipande cha nyama ili asikuchukie. Andika nambari na saa kwenye daftari. Inayotafutwa ni ile ya chini kabisa. Ikiwa kati ya 80 na 150, dozi imepata mahali pake hata kama asubuhi ilisoma 300. Ikienda chini ya 80, dozi ishuke. Ikibaki juu ya 150 siku nzima, ndipo munganga afikirie nusu uniti zaidi. Kumbuka kwamba mashine za watu, zikitumiwa kwa paka, kwa kawaida husoma chini kidogo ya ukweli. Kwa hiyo 54 yako huenda ilikuwa juu kidogo ya hapo. Lakini paka anayeyumba hatubishani naye. Tumia mashine ileile kila siku, na kila kitu chini ya 60 kichukulie kuwa hatari.

Daftari hilo liwe na mambo mengine mawili, na kwangu yana uzito kama damu: maji anayokunywa kwa siku na uzito wake kila wiki. Figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapopita 250 hadi 290 hivi. Ikishuka chini ya hapo kwa sehemu kubwa ya siku, kiu inapungua, mchanga wake wa choo haulowi kama mwanzo, uzito unatulia. Paka anayekunywa kidogo, anayeruka tena juu ya dirisha, anayejilamba manyoya, huyo anapona hata mashine ikikutisha asubuhi.

Baba mkwe ana heshima yake, na asanteni kwake kwa mashine. Lakini insulini si insulini. Mixtard ni mchanganyiko: asilimia 30 inafanya kazi haraka, asilimia 70 ni ya kati. Kwa mwili wa mtu imepangwa iendane na milo yake. Kwa paka, ambaye mwili wake unaitumia insulini ile ya kati haraka sana, atashuka kwa kasi masaa ya mwanzo kisha atabaki bila kinga muda mrefu kabla ya sindano nyingine. Usiiguse. Wala vidonge vyake vya metformini, kama anavyo. Kwa paka havina msaada. Siku ukikosa glargini kabisa, rudi kwa munganga mchague pamoja dawa nyingine, msianze nyumbani.

Na tahadhari moja iliyoua wanyama wengi. Insulini ya watu siku hizi kwa kawaida ni U-100, yaani uniti 100 ndani ya mililita moja. Zipo insulini za wanyama, kama Caninsulin, ambazo ni U-40. Kila moja ina bomba lake. Kifuniko cha bomba la U-100 kwa kawaida ni cha rangi ya chungwa, cha U-40 ni chekundu. Ukivuta glargini yako kwa bomba la U-40, ile alama ya 1 ni uniti 2 na nusu. Tazama maandishi ya bomba lako leo.

Kuhusu umeme, mimi naishi mji huuhuu, najua. Lakini fikiria: chupa iliyomshusha Minou hadi 54 haijaharibika. Insulini inaogopa barafu na jua kuliko inavyoogopa kukatika kwa umeme. Glargini iliyofunguliwa inakubaliwa kukaa nje ya friji siku 28 ikiwa joto halizidi digrii 30. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha vipimo vilivyofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab huko Kenya: aina kadhaa za insulini zilikaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 bila kupoteza nguvu. Hapa Lubumbashi mwezi wa Juni na Julai hata kabati linatosha. Oktoba ndiyo ya kuangalia. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, uviweke kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Usiiegemeze kwenye barafu, na usiiweke karibu na mbabula. Glargini ikipoteza uangavu, ikawa na ukungu au vipande, itupe. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua.

Uende kwa munganga bila kungoja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya. La kwanza ni kuyumba au kutetemeka kusikoisha baada ya asali, au degedege: mpake ufizini asali au maji ya sukari kwa kidole, usimmiminie kooni maana atapaliwa, na mkiwa njiani endelea kumpaka. La pili ni kinyume chake na watu hulikosa: sukari ya juu, hataki kula, anatapika, amelegea, anapumua kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Hizo ni ketoni, mwili unaunguza mafuta kwa kukosa insulini, na hilo halitibiki nyumbani kwa sindano ya ziada. Anahitaji maji ya mshipani.

Hata bila dharura, wiki hii nakuomba umrudishe kwa munganga aangalie meno na mkojo. Jino lililooza au maambukizi ya kibofu yanaweza kuizuia insulini, na tungekuwa tunapandisha dozi bure. Kama damu inaweza kupelekwa maabara, omba kipimo cha fruktosamini: kinaonyesha wastani wa wiki moja hadi mbili zilizopita, na woga wa siku moja haukibadilishi. Ukikwama, kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko humu humu mjini. Ikiwa baadaye dozi inapanda na kupanda bila matokeo, tutafikiria homoni ya ukuaji inayozidi. Uingereza, utafiti wa mwaka 2015 uliopima paka zaidi ya 1,200 wenye sukari ulikuta dalili za homoni hiyo kwa karibu mmoja kati ya wanne. Kwa Minou bado hatujafika huko. Aliyeshuka hadi 54 kwa uniti 3 anaisikia insulini vizuri.

Ukishampima Jumamosi, niandikie nambari zote na saa zake, hata zile unazoona ni mbaya, pamoja na uzito wake. Na uniambie kama alichomwa ile sindano ya mwasho.